Nakala "kamili" isiyokamilika: tusome kilicho ndani ya akiba ya tovuti zetu



Kwa ukurasa huu tumezoea kuchambua vitabu, nyimbo, TFC za wenzetu, hata hotuba za wakubwa. Leo nachambua kitu ambacho hakuna mtu anakiita maandishi, lakini kimejaa maandishi kuliko kitabu chochote tulicho nacho. Ni lile faili moja kubwa, limebanwa, jina lake linaishia na "tar.gz", ambalo kampuni inayotupangishia nafasi ya tovuti inatupa tukibonyeza sehemu ya "nakala kamili ya akiba".

Ju ya nini tupoteze muda na faili? Ju vyama vyetu vimeingia humo bila kujua. Vyama vya wahitimu, radio za jamii, mashirika ya maendeleo, parokia, vyuo: wengi sasa wako na tovuti, na ndani ya tovuti wanaweka orodha ya wanachama, ripoti, picha za marehemu, kazi za utafiti. Komite ya zamani ikiachia komite mpya, kijana mmoja anatoa flashi mfukoni na kusema: "Chukueni, yote iko humu." Watu wanapiga makofi, mkutano unaendelea.

Neno lile "yote iko humu" njo ninalolichambua leo. Naona lina uongo mara mbili. Ndani ya lile faili kuna kidogo kuliko tunavyofikiri, na pia kuna mingi kuliko tunavyofikiri. Vitu vinavyoifanya tovuti iishi havimo. Na siri za watu ambao hawakukubali siri zao zitembee kwenye flashi, hizo zimo.

1. Limejengwa vipi

Mchambuzi mzuri anafungua kitabu kwanza, njo anasema. Tufungue.

Herufi "tar" zinatoka kwenye zama za mikanda. Programu hiyo ilitokea na toleo la 7 la Unix, mwaka 1979, na kazi yake ilikuwa kushona mafaili mengi kuwa mfululizo mmoja ili yaandikwe juu ya mkanda wa sumaku. Yenyewe haibani kitu. Kinachobana ni "gz", yaani gzip, iliyotolewa mwaka 1992 na Jean-loup Gailly na Mark Adler. Kwa hiyo hata jina la faili linakuambia kazi mbili: kwanza kufunga mzigo, pili kuukandamiza.

Aina ya mzigo inategemea programu ya kampuni. Nachukua mfano wa cPanel, ju hiyo iko sokoni tangu mwaka 1996 na inatumika na kampuni nyingi sana zinazouza nafasi ya bei ndogo, zile ambazo vyama vyetu vinaweza kulipa. Ukifungua nakala yake kamili unakuta folda ya kwanza na kubwa kuliko zote, "homedir". Hiyo ni nyumba ya akaunti. Ndani yake kuna "public_html", yaani kile wageni wanachokiona: kurasa, picha, mafaili ya PDF. Kama tovuti imejengwa na WordPress, picha zote zimelala kwenye folda ya "uploads", zimepangwa kwa mwaka na kwa mwezi. Pembeni ya "public_html" kuna folda ya "mail". Humo ziko barua pepe zote za akaunti: zilizoingia, zilizotumwa, hata zile hazijasomwa.

Halafu inakuja folda ya "mysql". Hapa njo moyo wa mambo. Makala za WordPress hazikai katika mafaili ya kurasa, zinakaa katika hifadhidata. Nakala inaigeuza hifadhidata ile kuwa faili refu la maandishi ya kawaida, lenye amri: tengeneza jedwali hili, weka mstari huu, weka mstari ule. Mtu asiyejua kompyuta sana akilifungua na programu ndogo ya kuandikia, ataona Kifaransa na Kiswahili chetu katikati ya alama. Maneno yetu yamo, yanasomeka.

Baada ya hapo kuna vitu vidogo vidogo. "dnszones" ni ramani inayoonyesha jina la tovuti linaelekea kwenye namba gani ya seva. "va" na "vf" zinaonyesha barua pepe ipi inapelekwa kwa nani na ipi inachujwa. "cron" ni kazi zinazojiendesha zenyewe kwa saa fulani. Kuna vyeti vya usalama na funguo zake. Kuna folda ya "cp" yenye maelezo ya akaunti: jina, mpango uliolipiwa, barua pepe ya mwenye akaunti. Na kuna faili dogo kabisa linaitwa "shadow", kivuli. Tutalirudia.

2. Kinachostahili sifa

Nisiwe mchambuzi wa kulaumu tu. Faili hili liko na uzuri mkubwa, na tuuseme.

Uzuri wa kwanza: halitegemei kampuni. Tar na gzip ni vitu vya wazi. Kompyuta yoyote ya leo inaweza kuvifungua, na inaaminika miaka 20 ijayo itaweza bado. Linganisha na makala zetu tunazoandika moja kwa moja kwenye Facebook. Tulizoandika mwaka 2014, nani anazipata leo bila kushuka na kidole nusu saa?

Uzuri wa pili: halichagui. Mtu akiandika historia ya chama chake, anachagua. Ataweka sherehe, ataacha ugomvi wa pesa. Faili la akiba halina aibu. Makala iliyopendwa na watu 500 na makala iliyosomwa na mtu mmoja zimelala kwenye jedwali moja, kwa haki sawa.

Uzuri wa tatu unapendeza zaidi kwa sisi wasomi. WordPress inaweka matoleo ya makala. Kila ukihifadhi marekebisho, toleo la zamani linabaki katika jedwali lilelile la "wp_posts". Mgeni wa tovuti anaona toleo la mwisho tu. Anayefungua nakala ya akiba anaona jinsi sentensi ilivyozaliwa: mwandishi aliandika "waasi", akafuta, akaandika "vijana wenye silaha", akafuta tena. Mwanahistoria wa kesho atakayetaka kujua jinsi vijana wa Maniema kusini walivyojifunza kuandika juu ya vita, atakuta kitu pale ambacho gazeti lililochapwa halina.

Kuna watu wanasema: tulia, Internet Archive ya Marekani inahifadhi intaneti yote tangu 1996. Ni kweli inafanya kazi kubwa. Lakini ile inapita kwa barabara na kupiga picha ya mlango. Inachukua kile kilichoonekana kwa watu wote, siku iliyopita, kama ilipita. Haina matoleo, haina hifadhidata, haina barua. Nakala ya akiba imepigwa kutoka ndani ya nyumba. Hizi ni kumbukumbu mbili tofauti kabisa.

3. Kinachokosekana

Sasa tuje kwenye lawama. Neno "kamili".

Kitu cha kwanza kinachokosekana ni jina. Tuseme chama cha wahitimu wa Kasongo kiko na tovuti yenye jina lake, linaishia na ".cd". Ndani ya nakala iko ramani ya jina hilo, ile "dnszones". Lakini jina lenyewe halimo. Jina ni kitu cha kukodi, mwaka kwa mwaka, na limeandikishwa pahali pengine, kwa barua pepe ya mtu fulani. Mara mingi mtu huyo ni kijana aliyejitolea siku ile, ambaye sasa amehamia Lubumbashi au Kigali na namba yake haipatikani tena. Unaweza kuwa na nyumba yote kwenye flashi, lakini anwani ni ya mtu mwingine.

Na jambo hili halikutokea kwa watu wadogo tu. Nchi yetu yenyewe iliponea chupuchupu. Mtaalamu wa usalama wa Uswidi, Fredrik Almroth wa kampuni ya Detectify, aligundua mwaka 2020 kwamba jina "scpt-network.com" linakaribia kuachwa bila kulipiwa. Jina hilo lilikuwa linabeba seva zinazoelekeza anwani za ".cd", yaani anwani za Congo nzima. SCPT ni posta na simu yetu ya serikali. Hakuna aliyelipia. Mwezi Desemba jina likaanguka sokoni kama mtumba, Almroth akalinunua mbele ya wezi hawajalichukua, akawataarifu wahusika, na habari yenyewe ikatolewa Januari 2021. Kwa maelezo yake, karibu nusu ya maswali yote ya kutafuta anwani za ".cd" yangeweza kupita mikononi mwa mwenye jina lile. Benki, wizara, vyuo, na sisi pia. Nakala za akiba za tovuti zote hizo zingekuwa salama kabisa siku ile, na zisingesaidia kitu.

Wakubwa wanakumbuka pia kwamba mbele ya ".cd" kulikuwa na ".zr" ya Zaire. Nchi ilibadili jina mwaka 1997, ".cd" ikaingia, na mwaka 2001 ".zr" ikafutwa kabisa. Anwani inaweza kufa wakati vilivyomo bado ni vizima.

Kitu cha pili kinachokosekana ni uwezo wa kurudisha. Hapa wengi wanashangaa. Katika cPanel, mwenye akaunti anaruhusiwa kujitengenezea nakala kamili na kuipakua, lakini haruhusiwi kuirudisha yeye mwenyewe kwa ukurasa uleule. Anayeirudisha ni msimamizi wa seva, yaani kampuni. Mwenye akaunti anaweza kujirudishia vipande: folda ya nyumba peke yake, hifadhidata peke yake, mielekeo ya barua pepe peke yake. Kwa hiyo faili linaloitwa kamili njo lile ambalo huwezi kulitumia bila kuomba. Na kama umegombana na kampuni, au kampuni imefunga, unabaki na mzigo unaohitaji fundi. Fundi mzuri ataufungua kwa mkono, atatoa "public_html", atatoa faili la hifadhidata, atavipandisha kwenye seva mpya. Inawezekana kabisa. Lakini fundi huyo hayumo ndani ya faili.

Kitu cha tatu ni mazingira. Nakala inachukua akaunti, haichukui seva. Toleo la PHP, toleo la hifadhidata, programu za chini zilizokuwa zinaendesha mambo, zote zimebaki kule. Ukirudisha tovuti ya miaka 8 iliyopita juu ya seva ya leo, mara mingi inafungua ukurasa mweupe. Chakula umekileta, lakini chungu chake na moto wake haviko.

Kitu cha nne ni umbali. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021, jengo la OVH linaloitwa SBG2, mjini Strasbourg, Ufaransa, liliungua lote. Hakuna aliyekufa, lakini tovuti kwa mamilioni zilizimika. Kampuni hiyo ni moja ya wakubwa wa Ulaya, na Waafrika wengi wanaosema Kifaransa wanapangisha kwake. Kuna wateja waliokuwa wamelipia huduma ya akiba, halafu wakajulishwa kwamba akiba yao ilikuwa ndani ya jengo lilelile. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille ilimpa haki mteja mmoja wa namna hiyo na kuamuru alipwe. Sawa, amelipwa. Data zake zimebaki majivu. Nakala inayolala kitanda kimoja na asili yake itaungua nayo.

Na kwetu kuna moto wa aina nyingine. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja nyuma ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini, na ikarudi nyuma ya karibu siku 20. Kwa siku hizo zote, chama ambacho kumbukumbu yake iko Strasbourg au Texas peke yake hakikuwa na kumbukumbu. Kwa mtu wa Kasongo au Kabambare, akiba isiyokuwa hata mara moja kwenye diski hapa nyumbani ni ahadi tu.

4. Kilichozidi

Upande wa pili wa lawama ni mzito kuliko wa kwanza, na watu wanauongelea kidogo.

Turudie faili la "shadow". Ndani yake kuna neno la siri la akaunti, lakini limesagwa. Fikiria muhogo uliosagwa kuwa unga: huwezi kuurudisha unga kuwa muhogo. Njo maana watu wanasema hakuna hatari. Lakini mwizi akiwa na unga wako mkononi, anaweza kuchukua maneno rahisi mamilioni, akayasaga moja moja kwa namna ileile, na kulinganisha unga na unga. Kama neno lako la siri ni jina la chama pamoja na mwaka, hatachukua hata siku moja.

Lakini kwa WordPress hata kazi hiyo haimlazimu. Ndani ya "public_html" kuna faili "wp-config.php", na humo neno la siri la hifadhidata limeandikwa wazi, herufi kwa herufi, ju bila hiyo tovuti haiwezi kufungua hifadhidata yake. Pembeni kuna funguo za siri za vyeti, zile ambazo mtu akiwa nazo anaweza kujifanya tovuti yako. Flashi inayotembea mkononi mwa komite, iliyopita saiba mbili tatu ikichapisha vitu vingine, imebeba ufunguo wa nyumba umefungwa kwa karatasi yenye anwani ya nyumba.

Hayo ni ya kompyuta. Ya watu yanauma zaidi. Ile folda ya "mail": dada aliyemwandikia katibu juu ya mwalimu anayemsumbua. Mwanachama aliyeomba mkopo ju ya maiti ya mtoto. Mtu aliyeandika kwa siri juu ya pesa ya mchango. Katika hifadhidata, kila aliyeacha maoni chini ya makala ameacha pia barua pepe yake na namba ya mtandao aliyotumia, na WordPress imeviweka. Mgeni hakuviona. Mwenye flashi anaviona.

Sasa weka jambo hili katika ardhi yetu. Hapa tunasema juu ya Maniema kusini. Tunasema juu ya Wamaza na upande wa Salamabila, ambapo dhahabu ya Namoya imeleta kampuni, wachimbaji wadogo, na vikundi vyenye silaha katika eneo moja. Mwanafunzi akifanya TFC juu ya machimbo, anaongea na watu. Anaandika majina, kijiji, alichosema kila mmoja, halafu anaficha majina katika kazi yenyewe kama alivyofundishwa. Anatuma kiambatanisho chenye majina kamili kwa barua pepe ya chama ili kisipotee. Hakikupotea, kweli. Kimeingia katika kila nakala ya akiba iliyotengenezwa tangu siku hiyo. Kazi iliyochapishwa imeficha majina, akiba imeyafichua. Watu waliosema kwa kuamini neno la mwanafunzi hawajui kwamba neno lile limenakiliwa mara 12 kwa mwaka.

Sheria iko. Ordonnance-loi n° 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayoweka Code du numérique ya nchi yetu, iko na sehemu nzima juu ya kulinda data za watu. Lakini hata bila sheria, wazee wetu walijua kwamba mtu aliyepewa siri ya mwingine anaibeba, hairithishi.

5. Kasongo iliwahi kujua jambo hili

Mtu atasema mambo haya ni ya Wazungu na mitambo yao. Hapana. Mji wetu ni mfano wa zamani wa nakala iliyookoka pahali pengine.

Kasongo ya karne ya 19, kituo cha Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip, ilikuwa pahali panapoitwa leo Tongoni. Kwa Kiswahili cha pwani tongo ni pahali palipohamwa, mahame. Majeshi ya Dhanis yaliingia mwezi Aprili 1893. Mji ukaachwa, kituo kipya kikajengwa kwingine. Leo wachimbuzi wa mambo ya kale wamefika Tongoni kutafuta mabaki ardhini.

Lakini maneno yenyewe hayakubaki Tongoni. Tippu Tip, akiwa mzee Zanzibar, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayageuza kwa herufi za Kilatini, na yakachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Tippu Tip alikufa 1905. Kama tunaweza leo kumsikia mkubwa wa Kasongo akisema mwenyewe kwa Kiswahili, ni ju maandishi yalisafiri mbali na pahali palipoharibika, na ju mtu aliyejua alikaa kuyafasiri.

Weka kitabu kile pembeni ya faili letu la akiba. Kitabu kina mwandishi, na mwandishi anachagua. Vita, pembe, mikataba, majina ya wakubwa vimo. Wabebaji wengi wanapita humo bila jina, na waliouzwa hawana kurasa zao. Kosa la kitabu ni kunyamaza. Faili la akiba liko na kosa la upande wa pili: linasema kila kitu, la mkubwa na la mdogo, bila kujua ni nini linasema. Halitofautishi shairi la mwanachama na neno la siri la mweka hazina. Njo maana haliwezi kuitwa kumbukumbu peke yake. Kumbukumbu inahitaji mtu aliyesema: hiki tunakiweka, hiki tunakifunga, hiki tunakifuta, na hii ndiyo sababu.

Na kuna jambo moja la kuogopa. Mji wa udongo ukihamwa unabaki na tongo: misingi, vigae, miembe mikubwa inayoonyesha palikuwa na watu. Tovuti ikizimwa kwa kukosa malipo ya mwaka mmoja, hakuna mwembe. Siku ya pili pahali pale pameandikwa kwamba jina linauzwa.

6. Basi tufanye nini

Najua jibu la wengi: "Ndugu, sisi hatuna umeme wa uhakika, megabaiti ni ghali, unatuletea mambo ya seva." Ni kweli. Nakala kamili inaweza kuwa na ukubwa wa gigabaiti kadhaa, na kuipakua kwa mtandao wa simu ni mchango wa mwezi mzima wa mwanachama. Ju ya hiyo hiyo nasema tusidanganyike na neno kamili. Kisichohitaji pesa nyingi ni hiki.

Faili la hifadhidata peke yake ni dogo. Maandishi ya miaka mingi yakibanwa yanaweza kuingia katika megabaiti chache. Hilo lipakuliwe kila mwezi. Picha na mafaili mengine yapakuliwe mara moja kwa mwaka, na mtu anayesafiri kwenda mji wenye mtandao mzuri.

Nakala ziwe tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Kanuni hii ilienezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, lakini mama yeyote anayeweka mbegu kidogo kwa dada yake wa kijiji kingine anaijua. Moja Kasongo, moja Kindu au Bukavu, moja kwenye seva. Zile zinazotembea zifungwe kwa neno la siri.

Jina la tovuti liandikishwe kwa barua pepe ya chama, si ya mtu. Tarehe ya kulipia isomwe katika mkutano mkuu pamoja na hesabu ya pesa. Wanachama wote waisikie.

Mbele ya kukabidhi, barua pepe za watu zitenganishwe na kazi za chama, na viambatanisho vyenye majina ya waliohojiwa vifutwe pale kazi ilipokwisha. Maneno yote ya siri yabadilishwe siku ileile ya makabidhiano, ju ya zamani yamo ndani ya flashi.

Na mwisho, kila nakala iende na ukurasa mmoja wa kawaida, kwa Kiswahili au Kifaransa, umechapwa kwenye karatasi: humu mna nini, hamna nini, nani anaweza kuifungua, ilijaribiwa kufunguliwa tarehe gani. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni kama jenereta ambayo haijawahi kuwashwa. Unaisifu mpaka siku ya giza.

Hukumu yangu kama mchambuzi, basi, ni hii. Kama kazi ya ufundi, faili la akiba ni zuri, la uaminifu, na linastahili heshima kuliko tunavyolipa. Kama kumbukumbu ya watu, ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni ya katibu anayejua kusoma, komite inayojua kunyamaza, na chama kinachokumbuka kulipia jina lake. Kwa mkutano mkuu unaokuja, yule kijana akitoa flashi na kusema "yote iko humu", naomba mmoja wetu anyanyue mkono na kumwambia kwa upole: "Asante sana, mdogo wangu. Ifungue hapa, tuione."